Mcheza Kwao Hutunzwa, na Mwanafunzi Je?

Wahenga wa pwani yetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma na taarabu za Tanga desturi hiyo haihitaji maelezo. Mwimbaji akigusa nyoyo za watu, wasikilizaji huinuka mmoja mmoja wakamtunza kwa fedha hadharani, wala hakuna anayeona haya, kwa kuwa tuzo ile ni haki ya jasho na kipaji chake. Lakini vijana wetu wa shule wanapocheza kwao, wakajaza viwanja na kuliletea taifa sifa, swali la nani awatunze na kwa njia gani bado hatujalijibu. Wakati wa kulijibu umefika.

Swali lenyewe ni hili: je, mwanafunzi aliyejipatia jina katika michezo anayo haki ya kufaidika pindi jina hilo na picha yake vinapotumiwa katika biashara? Sisi tunasema kwamba anayo. Tunasema pia kwamba haki hiyo isipowekewa utaratibu itageuka mtego, na watakaonaswa ni watoto wenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa kidato cha tatu, mkazi wa Mabawa katika Jiji la Tanga, anafunga bao la ajabu katika mashindano ya UMISSETA ya mkoa. Zamani habari ya bao hilo ingeishia katika mazungumzo ya barazani, na labda mistari miwili gazetini. Siku hizi watazamaji kumi wamekwisha kulinasa kwa simu zao, na kabla jua halijatua limeonekana Mombasa na Muscat. Kesho yake muuza jezi anaibandika picha ya kijana huyo katika tangazo la duka lake. Shule ya kulipia inaiweka katika bango la kutafutia wanafunzi wapya. Mwenye kampuni ya kubashiri matokeo anaiweka kando ya maneno ya kuwashawishi watu wacheze kamari. Kila mmoja amevuna chake, ilhali kijana mwenyewe anakwenda shuleni kwa miguu, na viatu alivyofungia bao lile vilikuwa vya kuazima.

Mwalimu yeyote aliyewahi kufuatana na timu ya shule anaweza kutaja jambo linalofanana na hilo. Wala jambo lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Mwezi Oktoba 2022 timu yetu ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilishiriki fainali za Kombe la Dunia nchini India. Chini ya kocha Bakari Shime, aliyewahi kuifundisha Mgambo JKT ya mkoani Tanga, mabinti hao waliifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Kwa majuma kadhaa majina yao yalikuwa midomoni mwa taifa zima, na wote walikuwa watoto wa umri wa kwenda shule. Mtoto wa namna hiyo ana mali ambayo wazazi wake hawakumrithisha na ambayo yeye mwenyewe pengine hajui kuwa anayo. Mali hiyo ni jina lake.

Wenzetu wa Marekani wamelipigania jambo hili kwa miaka mingi, na safari yao ina mafunzo kwetu. Huko michezo ya vyuo vikuu ni biashara kubwa inayoingiza mabilioni ya dola kutokana na viingilio na matangazo ya televisheni. Makocha walilipwa mishahara minono, lakini mwanamichezo mwanafunzi alikatazwa kupokea hata senti moja kwa ajili ya jina lake, kwa hoja kwamba michezo ya wanafunzi ni ya ridhaa. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu, alifungua kesi baada ya kuona sura yake imetumiwa katika mchezo wa video uliouzwa madukani bila yeye kuulizwa wala kulipwa. Kesi hiyo na nyinginezo zilitikisa jengo zima. Mwezi Juni 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, kwa kauli moja ya majaji wake tisa, ilitoa hukumu dhidi ya chama kinachosimamia michezo ya vyuo katika shauri la posho za masomo. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo chama hicho kikawaruhusu wanafunzi kufaidika na majina na picha zao. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wanamichezo sehemu ya mapato.

Katika historia hiyo wamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Suleiman Nyambui wetu alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alipojinyakulia medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wote wawili walivipatia vyuo vyao fahari kubwa, na kwa sheria za wakati ule hawakuruhusiwa kuuza hata picha yao moja. Rono, aliyefariki dunia mwaka 2024, alipitia baadaye miaka mingi ya dhiki akiwa ughaibuni. Hatudai kwamba kanuni ile peke yake ndiyo iliyomfikisha hapo. Tunachosema ni kwamba ulimwengu ulikuwa mwepesi wa kumshangilia, na mzito wa kumwekea akiba.

Hata hivyo hatushauri mtu yeyote ayachukue ya Marekani kama yalivyo. Tangu mlango ulipofunguliwa, wachache wanapata mamilioni na walio wengi wanaambulia kidogo. Baadhi ya wanafunzi wanahama kutoka chuo hadi chuo wakifuata fedha, na masomo yanakuwa kisingizio tu. Isitoshe, vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaosoma huko kwa viza ya masomo wanabanwa na sheria za uhamiaji zinazowawekea mipaka ya kufanya kazi. Hivyo mgeni anaweza kuwa bingwa wa mbio, akatazama wenzake aliowashinda wakilipwa kwa matangazo ambayo yeye hathubutu kuyagusa. Soko likiachwa lijiendeshe lenyewe, haki humfikia mwenye nguvu kwanza.

Hapa nyumbani tunazo hoja za kupinga, na zinatoka kwa watu wenye nia njema, hasa walimu. Inafaa zijibiwe kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba fedha zitamharibu mwanafunzi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, nasi tumeona vijana waliosifiwa mapema wakaliacha daftari na hatimaye wakaukosa hata mpira. Hofu hiyo ina msingi. Lakini inahusu namna ya kumpa mtoto fedha. Haimpi mtu mwingine ruhusa ya kuzichukua. Kama tunaogopa kwamba fedha zitamharibu mwenye jasho, kwa nini hatuogopi kwamba zitamharibu muuza jezi?

Ya pili ni kwamba bao halifungwi na mtu mmoja. Wapo waliompasia mpira, yupo mwalimu aliyemfundisha jioni bila malipo ya ziada, na ipo shule iliyomlea. Hoja hii ni ya kweli kabisa, na ndiyo sababu tunapendekeza mgawo.

Ya tatu ni kwamba michezo ya shule ni ya ridhaa, na huo ndio msimamo tuliolelewa nao tangu Baraza la Michezo la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Sisi tunauheshimu msimamo huo. Mwanafunzi asilipwe mshahara wa kuichezea shule yake, na UMITASHUMTA na UMISSETA zibaki kuwa mashindano ya elimu na udugu. Lakini neno ridhaa maana yake ni hiari. Mwanafunzi aliyeridhia kucheza hakuridhia kwa kitendo hicho sura yake iuze bidhaa ya mtu. Ridhaa ya mchezo ni moja, na ridhaa ya biashara ni nyingine.

Maadam tumefika hapo, tutazame sheria zetu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa Sheria ya Mikataba, mtu ambaye hajatimiza umri huo hana uwezo wa kufunga mkataba. Kwa hiyo karatasi anayotiliwa saini na kijana wa kidato cha tatu nyuma ya jukwaa la uwanja, mbele ya wakala aliyevaa suti, si mkataba. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2017 kwamba kutumia picha za watoto kutangazia biashara pasipo ridhaa ni kuvunja haki zao. Msingi wa sheria basi upo. Kinachokosekana ni mwongozo ambao mkuu wa shule wa Mabawa anaweza kuufungua mezani pake siku mfanyabiashara anapobisha hodi.

Tena tunao msingi wa zamani kuliko sheria hizo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule ziwe na mashamba na karakana. Lakini alisisitiza jambo ambalo mara nyingi tulilisahau: wanafunzi waione faida ya kazi yao, na washiriki katika kuamua itumiweje. Pale tulipolisahau, shamba la shule liligeuka adhabu, na mwanafunzi akalichukia jembe. Uwanja wa michezo nao ni shamba. Anayelima hapo akiona mavuno yanabebwa na wengine, na yeye haulizwi, atajifunza somo ambalo haliko katika mtaala wowote, yaani kwamba jasho la mnyonge halina mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wizara zinazohusika na elimu na michezo, pamoja na TAMISEMI, zitoe waraka mmoja ulio wazi. Kwanza, uamue kwamba jina na picha ya mwanafunzi ni mali yake, na hakuna shule, halmashauri wala chama cha michezo chenye haki ya kuviuza. Pili, matumizi yoyote ya kibiashara yapate ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, mwanafunzi mwenyewe akiwa amesikilizwa, na nakala ibaki kwa mkuu wa shule na kwa afisa elimu. Tatu, robo tatu ya malipo iwekwe benki kwa jina la mwanafunzi, isiguswe mpaka atimize miaka 18, isipokuwa kwa mahitaji ya masomo na matibabu yake. Robo inayobaki iingie katika mfuko wa michezo wa shule, ili yule aliyetoa pasi naye apate viatu. Nne, shughuli za matangazo zifanywe wakati wa likizo tu. Tano, pombe, tumbaku na kamari zisiikaribie sura ya mwanafunzi kwa malipo ya kiasi chochote.

Udhamini wa mashindano, ambapo kampuni inatoa mipira na nembo yake inawekwa uwanjani, uendelee na tunaushukuru, kwa sababu hapo halitumiwi jina la mtoto mmoja. Habari za michezo nazo ziendelee kuandikwa na picha zake zichapwe, kwa kuwa taarifa kwa wananchi si tangazo la duka. Lakini sisi wa magazeti, pamoja na walimu na maafisa michezo, tujichunguze. Mara ngapi tumesambaza picha ya mtoto bila kumwuliza yeye wala mzazi wake, kwa kuwa tu ilitupendeza?

Watu wa pwani wanaifahamu vizuri hukumu ya mali ya yatima. Mlezi huishika kama amana. Haili, haiazimi, wala haichanganyi na yake, na mtoto akifikia umri hukabidhiwa mbele ya mashahidi. Hakuna anayesema mali ile itamharibu yatima, basi na tuigawane. Jina la mwanafunzi mwanamichezo ni amana ya namna hiyo mikononi mwa watu wazima wanaomzunguka.

Katika lugha yetu kutunza ni kumpa mtu tuzo, na kutunza ni kumhifadhi asidhurike. Mwanafunzi anayecheza kwao anastahili yote mawili, na anayeanza kudaiwa ni mwalimu aliye karibu naye. Hata kabla waraka haujatoka, mkuu wa shule anaweza kuanza juma hili kwa jambo lisilogharimu fedha: mtu akija kuomba picha ya mwanafunzi kwa ajili ya biashara, aambiwe arudi siku ambayo mzazi yupo.