Ukweni Milola nimetapika, na mimba sina

Mwenzangu msomaji, mwezi huu nakupa aibu yangu mwenyewe, cheka ukitaka.

Miaka mitatu ya ndoa, na Agosti iliyopita ndiyo mume wangu akanipeleka kwao Milola kwa mara ya kwanza. Tulilala Lindi mjini, asubuhi tukapanda Hiace kuingia ndani. Nikabanwa kiti cha nyuma kabisa, na kwa ile presha ya kukutana na wakwe, njia nzima nimeinamia simu kusoma meseji za wifi zangu. Tumboni nina chapati mbili na supu ya mbuzi. Tulipofika nimeshusha mguu mmoja tu, vyote vikatoka, mbele ya mama mkwe na kanga yake mpya.

Wee! Vilipigwa vigelegele hivyo! Kwa kina mama wale, mwali wao akitapika jibu ni moja tu. Shangazi mtu akanishika tumbo. Nikamtazama mume wangu aseme neno, maana yeye anajua tulivyozunguka kliniki hadi kliniki. Akatabasamu kama mgombea ubunge. Siku mbili naletewa ukwaju, nami najifungia chooni kulia.

Kutoka hapo ratiba ilikuwa Kilwa Masoko, boti hadi Songo Mnara kuyaona magofu ambayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, UNESCO iliyaweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ndiyo zawadi yetu ya ndoa, eti. Hatuongei, na kama Hiace imenifanya vile, bahari je?

Nikaingia duka la dawa. Dada wa pale swali lake la kwanza: “Una mimba?” Nilitaka kugeuza. Kumbe si umbea. Mjamzito husumbuka zaidi safarini, na si kila kidonge kinamfaa. Akanieleza vizuri: majimaji ya ndani ya sikio yanauambia ubongo kwamba mwili unayumba, macho yaliyoganda kwenye simu yanasema umetulia. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndilo linalolipa. Kidonge kinamezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kupanda, kwani ukishaanza kutapika umechelewa. Kinaleta usingizi, kwa hiyo bia hapana, na dereva asikiguse.

Nahodha naye alikuwa na yake. Agosti ni kusi, bahari inachafuka, hivyo tuondoke alfajiri kabla upepo haujashika kasi. Nikae katikati ya boti, mbali na moshi wa mashine, uso mbele, macho kule mbali bahari inapokutana na mbingu. “Na ikikushinda, dada, njoo upande wa demani, upepo unakoelekea. Ukitapikia huku utatuogesha sote.”

Nilikula kipande cha muhogo wa kuchemsha, maana tumbo tupu nalo linaleta kichefuchefu. Tangawizi nilitafuna, wataalamu hawajakubaliana juu yake, mimi ilinisaidia. Mifuko ya rambo tuliyoizoea kwenye mabasi ilipigwa marufuku mwaka 2019, basi nikabeba kopo la rangi lenye mfuniko. Usicheke, lina kazi.

Katikati ya safari mawimbi yakaanza, jasho la baridi likanitoka. Mume wangu, ambaye bahari haimfanyi kitu, akasogeza dumu la petroli mbali nami, akakaa nyuma yangu niegemee. “Hesabu mashua zile kule,” akasema. Nikahesabu. Ya nne, ya tano. Kopo halikufunguliwa.

“Nilishindwa kumkatisha mama,” akasema baadaye, nilipokuwa kwenye ya tisa. “Alifurahi mno.”

“Na mimi je?”

Hakujibu. Lakini jioni tuliporudi Masoko alipiga simu Milola mwenyewe, nikimsikia, akaeleza kila kitu, na zile kliniki pia. Kimya kirefu. Kisha akanipa simu.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema, “kumbe gari tu? Mimi basi la Dar linanitoa roho kila nikipanda. Ungesema, ningekupa ndimu ya kunusa.”