Mpiga Picha wa Usiku Aanze na Stendi, Si na Deni

Siku hizi vijana wengi wameipenda kazi ya kupiga picha, nasi twafurahi kuona hivyo, kwani kazi ya jicho na mkono ni kazi ya heshima. Hata hivyo, liko jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kijana atakaye kupiga picha za usiku huambiwa kwamba gizani hapana budi kuwa na kamera mpya ya bei kubwa. Naye, kwa kutojua, hukopa, au huuza mali ya nyumbani. Usiku uingiapo, picha zake hutoka zimetikisika kama zilizopigwa na mlevi. Hamu ya kazi hufa, deni likabaki. Sisi twasema kuwa shauri hilo si la haki.

Yafaa kwanza tufahamu usiku unadai nini. Kamera hukusanya nuru kama mtungi ukingavyo maji ya mvua. Mvua ikiwa haba, mtu huuacha mtungi nje kwa muda mrefu, au hutafuta mtungi wenye mdomo mpana. Kuuacha mtungi nje ndiko kuiacha kamera ipokee nuru kwa sekunde tano, kumi au hata thelathini, na hapana mkono wa binadamu uwezao kutulia kiasi hicho. Mdomo wa mtungi ni tundu la lenzi. Iko njia ya tatu, nayo ni kupandisha ISO. Lakini hiyo haiongezi nuru, bali hukuza ile kidogo iliyopatikana, pamoja na chengachenga zake. Kamera mpya ya thamani husaidia hasa katika njia hii ya tatu. Zile mbili za kwanza hazihitaji utajiri.

Ushahidi upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mpiga picha aitwaye Brassaï alizunguka mitaa ya Paris usiku na kamera ya vioo, chombo ambacho leo mtoto angekicheka. Aliisimamisha juu ya miguu mitatu, akangoja. Picha zile zingali zatazamwa hadi leo.

Kwa hiyo, ushauri wetu ni huu. Fedha ya kwanza inunue stendi ya miguu mitatu iliyo imara, isiyoyumba upepo uvumapo. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kamera. Asiye na uwezo huo aanze na mfuko wa mchanga juu ya ukuta. Tena atumie saa ya kamera yenyewe, ile ya sekunde mbili au kumi, ili kidole chake kisiitikise kamera wakati wa kubonyeza.

Fedha ya pili inunue kamera iliyotumika, ya Canon, Nikon au nyingine, mradi iruhusu mtu kupanga mwenyewe muda, tundu na ISO. Kamera ya miaka kumi iliyopita yatosha kabisa kujifunzia.

Fedha ya tatu inunue lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu. Stendi huizuia kamera isitikisike, lakini haimzuii muuza samaki asigeuke. Mtu aendaye huhitaji muda mfupi, na muda mfupi huhitaji tundu pana. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho wake, hufika f/5.6, ile ya f/1.8 huingiza nuru karibu mara kumi zaidi.

Mnunuzi wa kitu kilichotumika asione haya kukikagua. Amulike lenzi kwa tochi, atazame kama ina kuvu ndani, maana unyevu wa nchi zetu huziharibu nyingi. Aifunike lenzi, apige picha ya sekunde thelathini. Vikionekana vidoa vingi vyeupe au vya rangi, ajue kamera imechoka. Aulize pia imekwisha kupiga picha ngapi, na ajaribu betri.

Aliye na simu tu asikate tamaa. Simu nyingi za sasa zina njia ya usiku, ambayo huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Zikiwekwa juu ya stendi hufanya kazi njema.

Twasema haya kwa sababu usiku wetu una mengi yasiyohifadhiwa: taa za wavuvi wa dagaa juu ya Ziwa Tanganyika usiku usio na mbalamwezi, vibatari vya akina mama sokoni, mikesha ya arusi na ya matanga. Ikiwa mlango wa kazi hii utafunguliwa kwa wenye fedha tu, mengi ya hayo yatapita bila kumbukumbu. Vijana watatu au wanne wakichanga, stendi moja na lenzi moja zitawatosha kwa zamu.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hutangulia, pete hufuata. Kijana ajifunze kwanza kuutawala usiku kwa chombo kidogo. Kazi yake ikianza kumlipa, ndipo anunue kikubwa kwa jasho lake, si kwa deni.