Tiba mpya ya saratani ianzie maabarani

Wataalamu wa nchi zilizoendelea wamepiga hatua kubwa katika vita dhidi ya saratani, na ni haki yetu sisi wakazi wa Kakamega kuuliza hatua hiyo itatufaa vipi. Ninazungumzia kingamwili zenye shabaha mbili, dawa ambazo tayari zinaokoa maisha Ulaya na Marekani. Maoni yangu ni kwamba kabla hatujapaza sauti kudai dawa hizi, hapana budi tudai kwanza maabara ya kumtambua mgonjwa anayezihitaji.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huiunda ili kumnasa adui. Ina mikono miwili, na kwa kawaida yote miwili hushika kitu cha aina moja. Mnamo 1975, Georges Köhler na César Milstein walivumbua huko Cambridge, Uingereza, njia ya kuzitengeneza maabarani, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Waliowafuata wamezibadilisha: mkono mmoja hushika seli ya saratani, na wa pili hushika seli T, ambayo ni askari wa mwili. Hivyo askari na mhalifu hukutanishwa ana kwa ana, na mhalifu huuawa.

Mojawapo ya dawa hizo, blinatumomab, iliidhinishwa Marekani Desemba 2014 kutibu aina moja ya saratani ya damu. Utafiti uliotangazwa Desemba 2024 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto walioongezewa dawa hiyo juu ya tiba ya kawaida, takriban 96 kwa kila 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurejea baada ya miaka mitatu. Kwa waliopata tiba ya kawaida pekee walikuwa takriban 88. Mwaka 2023 zikaidhinishwa epcoritamab na glofitamab, kwa watu wazima wenye saratani ya tezi za limfu iliyoshinda dawa nyingine.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa ya matajiri. Sikubaliani nao. Uvimbe wa Burkitt, saratani ya limfu inayovimbisha mataya ya watoto, ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala. Huonekana zaidi penye malaria nyingi, na magharibi mwa Kenya ni pamoja. Seli zake hubeba alama iitwayo CD20, ile ile inayolengwa na dawa mbili nilizotaja. Ikiwa watoto wetu ndio wanaougua, kwa nini majaribio yafanyiwe wengine?

Aidha, tumewahi kuyasikia maneno hayo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI nazo ziliitwa ghali mno kwa Mwafrika. Sheria ya mwaka 2001 iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu nchini, pamoja na misaada iliyofuata, iliwafikishia watu wa kawaida.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba bei ndiyo kikwazo pekee. UKIMWI hutambuliwa kwa tone la damu katika zahanati ya kijijini. Saratani hudai kipande cha nyama ya uvimbe, kemikali za kuonyesha alama zake, na mpatholojia wa kuisoma. Asiyejua kama seli zina CD19 au CD20 atakuwa anapiga mshale gizani. Tena, dawa hizi zaweza kuwachochea askari wa mwili kupita kiasi, mgonjwa akashikwa na homa kali na shinikizo lake la damu likaporomoka. Blinatumomab huingizwa mshipani mfululizo kwa siku 28. Pasipo wauguzi waliofunzwa, oksijeni na kitanda cha wagonjwa mahututi, tiba yenyewe yaweza kuua.

Hayo yote yana faida leo, kabla ya chupa moja ya dawa mpya kufika. Uvimbe wa Burkitt mara nyingi hupona kwa dawa za zamani zisizo ghali, mradi utambuliwe mapema. Mtoto anayengoja majibu kwa majuma kadhaa hupoteza nafasi hiyo, kwani uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha.

Afya imo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Kakamega itenge fedha za maabara ya patholojia na za kuwasomesha wapatholojia, hata kama jiwe la msingi la maabara halivutii wapiga picha kama la jengo la ghorofa. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ihakikishe kuwa kipimo cha utambuzi hakimwachi mzazi akiuza ng'ombe. Nao watafiti watakaoleta majaribio huku wafungwe na mapatano kwamba dawa ikifaulu, waliojitolea miili yao hawatakuwa wa mwisho kuipata.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika saratani ya watoto, methali hiyo ina maana kamili.