BEI NDOGO SIYO FAIDA YA MJI



Mama akienda soko la Virunga kununua maharage, hachukui tu yale ya bei ya chini. Hutia mkono ndani ya gunia atafute wadudu, huangalia kipimo, ndipo hulipa. Je, mali ya mji mzima itumiwe kwa akili ndogo kuliko ya mama huyu?

Kazi ya barabara au mifereji ikishindaniwa, mara nyingi bahasha hufunguliwa, bei hulinganishwa, na mwenye bei ya chini hupewa. Sisi makarani wa migodi twajua mwisho wake. Nyundo ya bei ndogo huvunjika juu ya jiwe, yanunuliwa ya pili, kisha ya tatu; na saa za kazi zilizopotea hakuna aziandikaye.

Tupige hesabu ya mfano. Mjenzi mmoja ataka franka milioni 100 kwa barabara ya kudumu miaka 2. Mwenzake ataka milioni 150 kwa barabara ya miaka 6. Katika miaka hiyo 6 yule wa kwanza atalipwa mara tatu, yaani milioni 300. Nani basi aliye rahisi?

Na Goma si mji wa kuchezewa. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na mlima ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mjenzi asiyejua kupasua mawe ya volkano wala kuyaongoza maji ya mvua, bei yake ndogo ni mtego.

Wengine watasema: "Bei kila mtu aiona. Mkitaja ubora, mkubwa atampa shemeji yake." Hofu hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake ni kuandika alama kabla ya bahasha kufunguliwa: bei alama ngapi, kudumu ngapi, gharama za matengenezo ngapi, ujuzi wa mafundi ngapi. Kisha alama za kila mshindani zibandikwe mlangoni, zisomwe na ye yote. Sheria ya Kongo ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya kazi na manunuzi ya serikali yataka washindani watendewe sawa na mambo yafanywe wazi.

Wandugu, kodi ni jasho letu. Tusiulize tu, "Ni bei gani?" Tuulize pia, "Itadumu hadi lini, na alama ziko wapi?"