Montana na Viti Vyake: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, nasi huuchambua kwa Kiswahili chetu, na katika uchambuzi huo huzuka madai ambayo yakisharudiwa mara tatu huchukuliwa kuwa kweli. Mengi yanahusu majimbo ya mashamba: kwamba yanapendelewa, kwamba yanaonewa, kwamba watu wake ni washamba wasiojua wanachokichagua. Nimechukua Montana kwa sababu inatajwa sana, na kwa sababu historia yake inayakanusha madai hayo karibu yote. Ni jimbo linalopakana na Kanada, ukubwa wake ni kama theluthi mbili za Kenya, na ng'ombe wake ni wengi kuliko watu. Liliingia katika Muungano tarehe 8 Novemba 1889.

Dai la kwanza: majimbo ya mashamba hupendelewa kila mahali bungeni.

Nusu ya dai hili ni kweli na sitaificha. Katika Seneti kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo. Kwa hesabu ya sensa ya 2020, California yenye watu wapatao milioni 39.5 na Montana isiyofika milioni 1.1 zinalingana. Katiba imeufungia usawa huo kwa kufuli: jimbo haliwezi kunyang'anywa bila ridhaa yake. Anayelikasirikia jambo hilo ana sababu.

Lakini Bunge la Marekani lina mabaraza mawili, na katika Baraza la Wawakilishi mambo yalikuwa kinyume kabisa. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 989,415 Montana, nao wakapewa mbunge mmoja. Rhode Island, jimbo dogo la pwani unaloweza kulivuka kwa gari kabla chai haijapoa kwenye chupa, lilikuwa na watu 1,052,567 na likapewa wawili. Mbunge mmoja wa Montana aliwakilisha watu karibu mara mbili ya mwenzake wa Rhode Island. Hakuna eneo la uchaguzi katika nchi nzima lililokuwa na watu wengi kuliko hilo. Mkazi wa Libby, kwenye misitu ya magharibi, na mkazi wa Sidney, kwenye mashamba ya ngano karibu na North Dakota, walikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Hali hiyo ilidumu miaka 30, kuanzia 1993 hadi 2023. Huo si upendeleo.

Dai la pili linatoka upande wa pili: basi Montana iliporwa kiti chake na majimbo makubwa.

Watu wa Montana wenyewe walilisema hili kwa uchungu, na nawaelewa. Walikuwa na wabunge wawili tangu 1913. Sensa ya 1990 ikawaacha na mmoja, wakaenda mahakamani, na mahakama ya kwanza iliyosikiliza kesi ikawapa ushindi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Kwa wastani wa nchi, kila mbunge alipaswa kuwakilisha watu 572,466. Montana ilikuwa na watu 803,655 kwa hesabu ya kugawia viti. Ikipewa mbunge mmoja, amezidishiwa watu 231,189. Ikipewa wawili, kila mmoja amepungukiwa na watu 170,638 hivi. Pengo la pili ni dogo, kwa hiyo wapewe wawili.

Ukitumia kutoa, wana haki. Sheria ya mwaka 1941, hata hivyo, haitumii kutoa, inatumia uwiano. Gawanya 803,655 kwa wastani, utapata 1.40. Kisha gawanya wastani kwa 401,828, yaani nusu ya watu wa Montana, utapata 1.42. Kwa uwiano, kiti kimoja kinakaribia wastani kuliko viwili, japo kwa tofauti ndogo mno. Mwezi Machi 1992 Mahakama ya Juu, bila jaji hata mmoja kupinga, iliamua kwamba Bunge lilikuwa na mamlaka ya kuchagua njia hiyo ya kuhesabu. Montana ingeshinda, kiti kingechukuliwa kutoka jimbo la Washington, nao wa huko wangekuwa na kilio chao.

Kwa hiyo hakukuwa na mwizi. Palikuwa na idadi ya viti ambayo karibu muda wote tangu 1913 imekuwa 435, na watu wanaoongezeka. Mwenye kinyongo akipeleke hapo. Bunge likitaka kuongeza viti linaweza kufanya hivyo kwa sheria ya kawaida, bila kugusa Katiba. Halijataka, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kosa.

Dai la tatu: zamani maseneta walichaguliwa na wazee wenye busara wa bunge la jimbo, rushwa ilikuja walipoachiwa wananchi.

Hili hunishangaza kuliko yote, maana Montana ndiyo ushahidi mkubwa wa kinyume chake. Mwanzoni mwa 1899 bunge la jimbo lilikutana mjini Helena kuchagua seneta. Aliyekitaka kiti alikuwa William Clark, tajiri wa migodi ya shaba ya Butte. Tarehe 10 Januari mjumbe mmoja, Fred Whiteside, aliwapelekea wenzake bahasha. Zilipofunguliwa, zilikuwa na noti 30 za dola elfu moja moja, fedha ambazo alisema zilitolewa na watu wa Clark kununua kura. Dola 30,000 zikalala mezani mbele ya wote.

Ungetarajia mambo yaishie hapo. Hayakuishia. Whiteside ndiye aliyevuliwa kiti chake, na kabla mwezi haujaisha Clark akachaguliwa kuwa seneta. Huko mjini Washington kamati ya Seneti ilichunguza, na mwaka 1900 ikapendekeza kwa kauli moja kwamba hakustahili kiti. Clark akajiuzulu mwezi Mei kabla ya kupigiwa kura. Gavana alikuwa safarini nje ya jimbo. Naibu wake, rafiki wa Clark, akatumia nafasi hiyo kumteua Clark huyo huyo kujaza kiti alichotoka kukiacha! Gavana aliporudi alitengua uteuzi huo. Mwaka 1901 bunge la jimbo lilimchagua Clark tena, naye akakaa Seneti hadi 1907.

Marekebisho ya 17 ya Katiba, yaliyowapa wananchi kura ya kumchagua seneta moja kwa moja, yalipita 1913. Wananchi wanaweza kuhongwa, sikatai. Lakini kununua kura za wajumbe kadhaa walio katika jengo moja ni rahisi kuliko kununua jimbo zima.

Dai la nne: watu wa mashamba hawawezi kumchagua mwanamke, na Jeannette Rankin alikuwa bahati nasibu iliyosahihishwa na wapigakura wenyewe.

Rankin alizaliwa 1880 karibu na Missoula. Wanawake wa Montana walipata kura 1914, miaka sita kabla ya Katiba ya nchi kuwapa wanawake wote haki hiyo. Mwaka 1916 jimbo hili la wachungaji na wachimba migodi likamfanya kuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge la Marekani. New York haikulitangulia, wala Massachusetts.

Watu husema alikuwa peke yake kupinga Marekani kuingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, kisha Montana ikamfukuza. Yote mawili si sahihi. Aprili 1917 wabunge 50 walipiga kura ya kukataa vita, yeye akiwa mmoja wao. Na hakushindwa kukitetea kiti chake, kwa sababu hakukigombea. Mwaka ule ule bunge la jimbo liligawa Montana katika maeneo mawili ya uchaguzi, naye akajikuta upande wa magharibi, uliokuwa na wafuasi wengi wa chama pinzani. Hapo kabla aligombea jimbo zima. Akaona ni afadhali ajaribu Seneti mwaka 1918, na huko ndiko aliposhindwa.

Alipokuwa peke yake kweli ni tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya shambulio la Japani huko Pearl Harbor, Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura ya kuingia vitani. Kura zilikuwa 388 kwa 1. Alipotoka ukumbini alizongwa na umati hadi akajifungia katika kibanda cha simu na kuwapigia polisi wa Bunge waje kumsindikiza. Nadhani alikosea siku hiyo; Japani ilikuwa imekwisha kushambulia. Lakini wapigakura waliomrudisha Washington mwaka 1940 walikijua fika alichokisimamia tangu 1917.

Dai la tano, kwamba mbunge wa jimbo dogo ni pambo tu, halihitaji maneno mengi. Seneta Thomas Walsh wa Montana ndiye aliyeongoza uchunguzi wa kashfa ya mafuta ya Teapot Dome katika miaka ya 1920. Mike Mansfield, aliyewahi kuchimba shaba Butte, aliongoza walio wengi katika Seneti kuanzia 1961 hadi 1977, na hakuna aliyekishika cheo hicho kwa muda mrefu kuliko yeye. Alikuwa na cheo hicho tarehe 10 Juni 1964, Seneti ilipopiga kura 71 kwa 29 kufunga mjadala uliokuwa ukizuia Sheria ya Haki za Kiraia.

Limebaki dai ambalo sitaki kulipita haraka, maana linatoka kwetu: sisi wageni hatupigi kura, basi viti hivi havituhusu.

Mwaka 2016 Missoula, mji wa nyumbani wa Rankin, ulianza kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika katika mitaa yake. Ndugu zangu wa huko, viti vya Baraza la Wawakilishi havigawiwi kwa idadi ya wapigakura wala ya raia. Vinagawiwa kwa idadi ya watu wanaoishi jimboni: mkimbizi, mtoto mchanga, mwenye pasi ya kigeni, wote. Wenyeji asilia wa Montana wanajua uchungu wa kutohesabiwa. Katiba iliwaacha nje ya hesabu wale wasiotozwa kodi, na uraia haukuwafikia wote hadi 1924. Hata baada ya hapo, watu wa makabila ya Crow na Northern Cheyenne walilazimika kuishtaki wilaya ya Big Horn, wakashinda mwaka 1986, ndipo kura zao zikapata uzito katika uchaguzi wa wilaya hiyo. Mpaka leo hakuna mwenyeji asilia aliyechaguliwa na Montana kwenda katika Bunge la Marekani.

Sensa ya 2020 iliirudishia Montana kiti chake cha pili. Ingepungukiwa na watu 6,400 hivi tu, kiti hicho kingekwenda New York. Na New York yenyewe ilipoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu 89. Watu 89 ni familia kumi na tano za kwetu.

Sensa ijayo ni ya tarehe 1 Aprili 2030. Fomu ikifika, usiiweke juu ya kabati. Mwandike kila anayeishi nyumbani kwako: bibi, kichanga aliyezaliwa wiki iliyopita, na yule binamu anayelala sebuleni. Sheria inakataza ofisi ya sensa kuwapa polisi au maafisa wa uhamiaji majibu yako. Jaza, kisha mkumbushe jirani naye ajaze.