Usikope ununue laptopu mpya, jaribu flashi kwanza

Wiki hii kijana mmoja ameniuliza swali limenikosesha usingizi: "Buda, nikope ninunue MacBook ndiyo nianze kujifunza kuandika programu?" Ako na laptopu ya mtumba, RAM ya GB 4, inatambaa kama konokono. Jibu langu ni hapana.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Mashine niliyobaki nayo nilinunua Luthuli, ya mtumba pia, prosesa ni Intel ya kizazi cha sita. Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na kwa Intel kawaida ni kizazi cha nane kwenda juu. Wengi wetu tukaachwa kwa mataa.

Nikaweka Linux Mint. Ni ya bure, na GB 4 zinatosha kuanzia. Python, Git, VS Code, zote ziliingia bila stori mingi. Si ajabu, kwa sababu Git iliandikwa 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux 1991. Seva nyingi za intaneti zinatumia Linux. Hata Microsoft ilileta WSL mwaka wa 2016 ili watu waendeshe vifaa vya Linux wakiwa ndani ya Windows.

Lakini sitawadanganya. Kama ugali wako unatoka kwa Photoshop au Premiere, kaa Windows au Mac, kwa sababu Adobe haitoi programu hizo kwa Linux. Mimi nahariri video kwa Kdenlive, na kuna mteja alitaka faili ya Premiere, nikamkosa. Iliniuma, kwa sababu rent ilikuwa imefika. Na kama unataka kutengeneza apu za iPhone, Xcode iko kwa macOS pekee. Hapo Mac ni jembe la kazi, si pambo la kupigia picha.

Kwa hivyo anza na kazi inayokulisha, halafu angalia mashine uliyo nayo. Maoni ya marafiki yaje mwisho.

Chukua flashi ya GB 8, weka Mint, kisha uwashe laptopu kutoka kwa hiyo flashi. Hutafuta kitu. Jaribu waifai, sauti, kamera. Ikikubali, hifadhi faili zako kando kwanza, ndiyo usakinishe.

Mkopo unalipwa kila mwezi, uwe umepata mteja au hujapata. Yule kijana nimemwambia ajipe miezi mitatu na hiyo mashine yake. Akishaandika programu hadi mashine ishindwe, hapo tutaongea mambo ya kununua.

Kama nimekosea, nikosoeni. Lakini mniambie pia hiyo pesa ya MacBook itatoka wapi.