Kenya: Picha moja ya mteja inavyoweza kumgharimu mwenye biashara mamilioni

Jumamosi usiku, muziki umekolea, meza zimejaa. Mpiga picha wa klabu anapita katikati ya wateja na kamera yake, na kabla hawajamaliza vinywaji, sura zao ziko Instagram. Hakuna aliyeulizwa. Kwa wenye vilabu wengi, hayo ni matangazo ya bure.

Kwa Casa Vera Lounge ya Nairobi hayakuwa ya bure. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data (ODPC) iliipiga klabu hiyo faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake.

Wakati huohuo wengine wawili walipata barua kama hiyo. Roma School ya Uthiru ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mitandaoni bila idhini ya wazazi. Kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo ya simu za KeCredit na Faircash, ilitozwa Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine, kisha kuwatumia jumbe za vitisho. Jumla ni Sh9,375,000.

Tazama mpangilio wa hizo faini. Aliyepigwa zaidi si mkopeshaji anayetisha watu, ni shule iliyoweka picha za watoto. Ujumbe hapo uko wazi: mtoto hawezi kujitolea ridhaa, na sheria inataka mzazi au mlezi akubali kwanza. Kila shule yenye ukurasa wa Facebook uliojaa picha za siku ya michezo ina sababu ya kukosa usingizi.

Wafanyabiashara wengi bado wanaiona Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kama jambo la Google na kampuni kubwa za simu. Sivyo. Sheria hiyo haiangalii ukubwa wa duka. Inauliza tu kama unakusanya au kutumia taarifa za mtu anayeweza kutambulika. Jina ni taarifa. Nambari ya simu pia, na sura vilevile.

Utetezi unaosikika sana ni huu: "Lakini alitabasamu kwenye kamera!" Kutabasamu si kukubali kuwekwa kwenye tangazo. Ridhaa inayotambuliwa kisheria ni ya wazi, ya hiari, na mtu awe ameelezwa picha inaenda kufanya kazi gani. Kunyamaza hakuhesabiki. Tena mzigo wa kuthibitisha kwamba mteja alikubali uko kwa mwenye biashara, si kwa mteja. Na hata aliyekubali jana anaweza kubadili nia leo.

Ridhaa ya kununua nayo ina shida zake. Kampuni ya Worldcoin iliyapiga picha macho ya Wakenya na kuwapa sarafu za kidijitali, foleni zikajaa KICC, hadi serikali ilipoisimamisha Agosti 2023. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna. Mwenye duka anayesema "tupe nambari yako upate zawadi" si Worldcoin, ila swali ni lilelile: huyo mtu alikubali kwa hiari, au alivutwa na zawadi?

Halafu kuna usajili, na hapa ndipo wengi huteleza. Biashara yenye mauzo yasiyozidi Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haihitaji kujisajili kwa ODPC. Lakini msamaha huo hauzigusi sekta kadhaa: shule, hospitali, hoteli, wakopeshaji, wasimamizi wa nyumba za kupangisha, hata wanaoendesha kamera za CCTV za ulinzi. Hao hujisajili hata wakiwa wadogo. Ada ya biashara ndogo ni Sh4,000 na cheti hudumu miaka 2. Ukilinganisha na faini, hiyo ni pesa ya chai.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba aliyesamehewa usajili amesamehewa na sheria. La hasha. Kile kitabu cha wageni pale getini, chenye majina, nambari za vitambulisho na simu, kinachosomwa na kila anayepita kusaini, kiko chini ya sheria hiyohiyo.

Je, faini ina kikomo? Ndiyo. Sheria inataja Sh5 milioni au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa hesabu hiyo, biashara inayouza Sh20 milioni kwa mwaka isingefaa kutozwa zaidi ya Sh200,000. Faini ya Sh1,850,000 inalingana na mauzo ya Sh185 milioni. Kwa hiyo anayepokea barua ya faini asikimbilie kulipa wala kuitupa kabatini. Atoe vitabu vyake vya hesabu kwanza, kwa sababu ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Asiye na vitabu atapata taabu kuwaonyesha majaji mauzo yake ni kiasi gani.

Faini pia si mwisho wa hasara. Mlalamishi anaweza kudai fidia, na sheria inahesabu hata msongo wa mawazo kuwa madhara. Mtu hahitaji kuonyesha kwamba alipoteza shilingi hata moja.

Naye mteja aliyeudhika hana mlima wa kupanda. Hahitaji wakili, wala halipi ada ya kuwasilisha malalamiko. Anaweza kuyatuma kwa njia ya mtandao akiwa amekaa kwake. Kamishna ana siku 90 za kuyachunguza. Mwenye klabu ataulizwa swali moja kabla ya mengine yote: ridhaa ya huyu mteja iko wapi?